Konokono Wawili wa Unguja

Ukiokota konokono mmoja kwenye bwawa la kaskazini ya Unguja na mwingine kusini, huenda usiwatofautishe. Wote wana gamba dogo la kahawia ambalo mlango wake umeelekea kushoto. Lakini wa kaskazini, Bulinus globosus, huambukiza kichocho cha mkojo. Wa kusini, Bulinus nasutus, kisiwani humo haambukizi. Gamba halikutosha kuwapambanua. Ilibidi kupima DNA, ndipo ikafahamika kwa nini kichocho kiliwaandama zaidi watu wa upande mmoja wa kisiwa.

Kimelea kinacholeta kichocho hicho, Schistosoma haematobium, huzaliana kwa njia mbili. Ndani ya mishipa ya damu ya kibofu, dume na jike hukutana na kuchanganya jeni zao. Mayai hutoka na mkojo, yakifika majini huanguliwa. Kiluwiluwi kimoja kikimwingia konokono anayekifaa, hujizidisha bila dume wala jike, hata vitoke viluwiluwi maelfu vyenye jeni zile zile, tayari kupenya ngozi ya mtoto anayeoga. Konokono naye ana jinsia zote mbili, hivyo anaweza kujitungisha mwenyewe. Bwawa lililokauka likajaa tena wazao wa konokono mmoja huwa na ukoo mmoja: ukikipokea kimelea, bwawa zima ni hatari, ukikikataa, kichocho kinakwama hapo.

Zamani kipimo cha kujua kama konokono ana kimelea kilikuwa kumweka kwenye kikombe cha maji safi chini ya mwanga, kisha kutazama kama atatoa viluwiluwi vyenye mkia wa panda. Kipimo hicho hakimnasi aliyeambukizwa juzi, wala hakisemi kiluwiluwi ni cha nani. Huko Pemba, DNA ilionyesha kwamba B. globosus hubeba pia Schistosoma bovis, kimelea cha ng'ombe. Anayehesabu viluwiluwi tu angeweza kudhani kichocho cha watu kimezidi, akamwaga dawa ya kuua konokono, niklosamidi, inayoua hata samaki, mahali ambapo tatizo ni la mifugo.

Mambo huwa mazito zaidi Ziwa Albert, kati ya Uganda na Ituri ya Kongo, ambako Schistosoma mansoni hupitia konokono wa jamii ya Biomphalaria na kuleta kichocho cha tumbo. Uganda ilianza kugawa dawa ya kichocho, prazikwanteli, kwa wingi mwaka 2003. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba katika shule za Uganda zilizokwisha kugawiwa mara nyingi, dawa ilipunguza mayai kwa kiwango kidogo zaidi. Vimelea vyenye jeni za aina nyingi vina nafasi kubwa ya kuwa na wachache wanaostahimili dawa, na hao ndio watakaozaa.

Kwa hiyo kila kampeni ya vidonge ingefaa iambatane na sampuli za vimelea na za konokono, kabla na baada ya ugawaji. Na kwa kuwa wavuvi wa ziwa hilo huvuka mpaka kila siku, sampuli za pwani moja bila za pwani ya pili hazitatosha.