Kuku anayedumaa na mtetea anayetaga mayai laini

Katika nyumba nyingi kuku wachache wa uani ndio mayai ya watoto na ndio akiba ya dharura. Hivyo mama hushtuka akiona kifaranga wa miezi miwili ana mwili wa wiki tatu, au mtetea ametaga yai lisilo na gamba. Wapo wanaosema ni kijicho. Aghalabu sababu ni lishe na uchafu, na yote mawili yanarekebishika.

Tuanze na kudumaa. Chakula cha kifaranga kinatakiwa kiwe na protini kiasi cha asilimia 18 hadi 20. Pumba za mahindi peke yake hazifikii hapo. Changanya dagaa waliosagwa na mashudu ya alizeti, na umpe majani mabichi. Akila vizuri na bado haongezeki, shuku minyoo au kuhara damu, maradhi yanayostawi kwenye matandazo yenye unyevu. Dawa zipo, lakini ukimrudisha kwenye banda bichi utamtibu tena.

Ama mayai, gamba lake karibu lote ni chokaa, na lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kuku hulitengeneza kwa muda wa saa 20 hivi. Asipoipata kalsiamu hiyo kwenye chakula, huivuta kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Hapo gamba huwa jembamba, miguu hulegea, na misuli ya kusukuma yai hukosa nguvu. Yai likikwama, utamwona amejikunyata, mkia umeshuka, anajikamua bila kutoa kitu.

Kinga yake ni rahisi:

1. Weka chombo cha pembeni chenye makombe ya pwani yaliyosagwa au chokaa ya mifugo (siyo ya kupaka ukuta), mtetea ale kwa haja yake. Vifaranga wasipewe, kwani kalsiamu nyingi huwaharibu figo.

2. Mtoe juani kila siku. Bila vitamini D mwili hauwezi kuitumia kalsiamu.

3. Maji safi yasikosekane.

4. Chanja dhidi ya kideri. Chanjo ya I-2 ni tone moja la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Aliyekwamwa na yai mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu, kina kifupi, kwa dakika 15 hadi 20, kisha mweke mahali pakavu penye utulivu. Usimkamue wala kulivunja yai ndani. Lisipotoka siku hiyo, mwite mtaalamu wa mifugo. Kama hapatikani, kumchinja akiwa hai ni bora kuliko kumwacha ateseke hadi awe nyamafu.

Sasa afya yenu. Yai lenye gamba laini au lenye ufa hupitisha vijidudu kwa urahisi, wakiwemo salmonela wanaoharisha watoto vibaya. Lisiliwe. Mayai mazima yapikwe mpaka kiini kigande, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mtokapo bandani. Kuku akiwa kwenye dawa, msile mayai yake mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe. Na kuku aliyezoea kula najisi, wanazuoni wameelekeza afungiwe na kulishwa kilicho safi kabla ya kuchinjwa.

Kuku uliyemfungia hawezi kujitafutia. Chakula chake na usafi wa banda lake ni amana juu yako.