Viumbe vya Udongoni na Namna ya Kuvihesabu

Katika Kiswahili neno mdudu hubeba mzigo mkubwa. Jongoo ni mdudu, tandu ni mdudu, mchwa ni mdudu, na hata kile kiletacho homa, kisichoonekana kwa macho, huitwa mdudu vilevile. Wataalamu wa udongo huvipanga viumbe vyao kwa upana wa mwili: vinavyozidi milimita 2, kama mchwa na nyungunyungu, vya kati, kama kolembola na jamaa za utitiri, na vidogo kabisa, yaani nematodi, protozoa na bakteria. Mpango huo haukutokana na maumbile peke yake. Umetokana pia na zana za kukamatia, na hapo ndipo penye mashaka.

Charles Darwin, aliyetoa kitabu chake juu ya nyungunyungu mwaka 1881 baada ya kuwachunguza kwa zaidi ya miaka 40, alitumia macho, mizani na subira. Kwa viumbe vya kati macho hayatoshi. Mwaka 1905 Mwitalia Antonio Berlese alitengeneza faneli yenye chekecheke juu yake. Udongo huwekwa juu ya chekecheke, na faneli hupashwa moto kwa maji yaliyoizunguka. Mwaka 1918 Albert Tullgren wa Sweden aliweka taa ya umeme mahali pa maji hayo. Udongo ukaukapo kutoka juu, viumbe hushuka kuufuata unyevu, mwisho huanguka katika chupa ya spiriti.

Ajuaye jinsi chombo hicho kifanyavyo kazi huiona kasoro yake mara moja: kihesabiwacho si kila kilichomo udongoni, bali kile kiwezacho kukimbia. Yai halikimbii. Na joto likizidi upesi, viumbe vya mwendo wa polepole hufa njiani, visionekane katika hesabu.

Kwa nematodi, ambao huishi katika utando wa maji uliozizunguka chembe za udongo, hutumiwa faneli iliyojazwa maji. Njia hiyo ilielezwa na Baermann huko Java mwaka 1917, naye alikuwa akitafuta mabuu ya safura. Udongo hufungwa katika kitambaa na kutiwa majini. Nematodi hupenya kitambaa kwa kujinyonganyonga, na kwa kuwa hawawezi kuogelea kupanda juu, huzama chini.

Bakteria ndio waliowapotosha watu zaidi. Kwa muda mrefu walihesabiwa kwa kuoteshwa juu ya agari, kila doa likichukuliwa kuwa uzao wa mmoja. Lakini hadubini ilionyesha kwamba katika kila bakteria 100 wa udongoni, pengine mmoja tu ndiye aliyekubali kuota. Siku hizi DNA hutolewa katika udongo wenyewe na kusomwa, bila kuotesha kitu. Hata hivyo DNA ya waliokufa hudumu udongoni, nayo husomwa pamoja na ya walio hai.

Katika nchi za joto njia iliyoenea zaidi kwa viumbe vikubwa ni ile ya Mpango wa Biolojia na Rutuba ya Udongo wa Kitropiki, uliokuwa na makao yake Nairobi: huchimbwa bonge la sentimita 25 kwa 25, kina chake sentimita 30, kisha huchambuliwa kwa mkono. Njia hii ni rahisi, tena haina haja ya umeme. Ila mchwa huishi kwa makundi. Bonge moja laweza kuwa na mamia, na la jirani lisiwe na hata mmoja. Tena Kiswahili humtenga mchwa na kumbikumbi, ingawa ni wa kiota kimoja, naye kumbikumbi hutoka kwa muda mfupi tu baada ya mvua. Achimbaye wakati wa kiangazi atapata mchwa wasio na mabawa, na kumbikumbi hatamwandika kabisa.