Kupeleka Familia Alaska kwa Meli: Visa, Dola na Tarehe za Kujua Kabla ya Kulipa

Wateja wetu wengi wana mtoto, ndugu au shangazi anayeishi Seattle au mahali karibu na hapo. Siku moja ujumbe unaingia kwenye grupu ya familia: "Mwaka ujao tuwalete wazee, twende Alaska kwa meli." Kila mtu anafurahi, anaweka emoji. Halafu mtu anauliza bei, na grupu inanyamaza.

Makala haya ni ya wakati huo wa kimya. Pesa inayozungumziwa hapa ni nyingi, inalipwa kwa dola, inalipwa mapema, na sehemu yake kubwa haiwezi kurudi ukikosea tarehe au karatasi moja. Ndiyo maana tumeamua kuieleza polepole.

Ni safari ya aina gani?

Meli za kitalii huenda Alaska kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi wa kumi hivi. Baada ya hapo baridi inafunga kazi. Safari ya kawaida ni ya usiku 7, ukitokea Seattle na kurudi Seattle, au ukitokea Vancouver upande wa Kanada. Unalala kwenye meli, unakula kwenye meli, na kila asubuhi unaamka mji mwingine: Ketchikan yenye nguzo ndefu za mbao zilizochongwa na wenyeji kama Watlingit, Skagway ya mbio za dhahabu, na Juneau, makao makuu ya jimbo, mji ambao hauna barabara inayouunganisha na kwingineko. Unafika kwa meli au ndege, basi.

Wengi huvutiwa zaidi na Glacier Bay, ghuba ambayo mito ya barafu inashuka kutoka milimani hadi baharini. Ukibahatika utasikia kipande cha barafu kikikatika na kuanguka majini, mlio kama wa radi. Lakini si kila meli inaingia huko. Hifadhi inaruhusu meli kubwa 2 tu kwa siku, kwa hivyo angalia ratiba kabla ya kulipa. Tangazo likiandika "Alaska" tu, halijakuahidi Glacier Bay. Nyangumi nao huwa wengi majira ya joto, maana hutoka Hawaii na kuja kula huku. Na kama mzee wako hulala saa tatu kamili, mwambie mapema kwamba Juneau mwezi wa sita jua linazama baada ya saa nne usiku.

Mvua ipo. Ketchikan ni mojawapo ya miji yenye mvua nyingi Marekani, kwa hivyo jaketi ya mvua ni ya lazima hata mwezi wa saba. Hayo ya nguo tuyaache hapo.

Visa kwanza, meli baadaye

Hapa ndipo familia nyingi za Kenya zinaweza kupoteza pesa, na sababu yake ni sheria ya zamani sana. Tangu mwaka 1886, sheria ya Marekani hairuhusu meli iliyosajiliwa nchi nyingine kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine bila kugusa nchi ya nje. Karibu meli zote kubwa za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda na kwingineko. Kwa hivyo meli inayotoka Seattle na kurudi Seattle lazima isimame mahali pa nje, na mara nyingi ni Victoria, Kanada. Inafika jioni, inakaa saa chache, inaondoka.

Saa hizo chache zinatosha kukuhitaji visa ya Kanada ikiwa unasafiri na pasipoti ya Kenya. Usijiambie "mimi sitashuka, nitabaki chumbani." Meli imeingia Kanada na wewe umo ndani. Kampuni ya meli ikikagua hati zako Seattle na ikose visa hiyo, inaweza kukukataza kupanda, na hapo pesa huwa imeenda.

Kuna kitu kingine. Ukitoka Victoria unaingia Marekani tena. Toa pasipoti uangalie visa yako ya Marekani, sehemu inayoonyesha idadi ya kuingia: herufi M inamaanisha unaweza kuingia mara nyingi. Ikiwa ni mara moja tu, ongea na ubalozi kabla ya kulipa hata senti. Yule ndugu wa Seattle, akiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, yeye hahitaji visa ya Kanada. Pasipoti na kadi yake zinamtosha. Ndiyo sababu mara nyingi hakumbuki kuwaambia. Kwake hilo si tatizo kabisa.

Gharama zenyewe: ombi la visa ya utalii ya Marekani limekuwa $185 kwa kila mtu tangu Juni 2023. Ya Kanada ni dola 100 za Kanada, na alama za vidole ni dola 85, au 170 kwa familia inayoomba pamoja. Pesa hizi hazirudi ukinyimwa. Miadi ya mahojiano nayo inaweza kuchukua miezi, kwa hivyo anza karibu mwaka mzima kabla.

Watoto wakisafiri na nyanya na babu bila wazazi, andikeni barua ya idhini na ithibitishwe na wakili. Ni kazi ya asubuhi moja tu, usiiache.

Bei unayoiona na bei utakayolipa

Bei kubwa kwenye tangazo huwa ni ya mtu mmoja, ikiwa watu wawili wanalala chumba kimoja. Mtu wa tatu na wa nne kwenye chumba hicho kwa kawaida hulipa kidogo. Halafu kuna kodi na ada za bandari, na bakshishi ya wafanyakazi inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila siku, mtoto pia.

Tuchukue mfano wa mama, baba na watoto wawili katika chumba kimoja. Hizi ni namba za kujifunzia hesabu, si bei ya kampuni yoyote. Wazazi $1,100 kila mmoja, watoto $600 kila mmoja: jumla $3,400. Kodi na ada za bandari $300 kwa kila mtu: $1,200. Bakshishi $17 kwa siku, watu 4, siku 7: $476. Tumefika $5,076, na bado hujapanda ndege. Nauli ya watu wanne Nairobi hadi Seattle mwezi wa saba inaweza kuzidi bei ya meli yenyewe, tena hakuna ndege ya moja kwa moja. Panga kufika siku moja au mbili kabla, kwa sababu meli haimsubiri aliyecheleweshwa na ndege.

Vinywaji vingi, intaneti na ziara za nchi kavu pia ni pesa ya kando. Ziara si lazima ununue zote. Ketchikan na Skagway unaweza kutembea mjini kwa miguu bila kulipa mtu. Sisi tungechagua ziara moja tu ya kulipia, labda mashua ya kuona nyangumi kule Juneau, au treni ya White Pass kutoka Skagway, reli iliyojengwa kati ya 1898 na 1900. Baadhi ya safari za treni hiyo huvuka mpaka wa Kanada, kwa hivyo pasipoti isibaki melini.

Shilingi yako na dola yao

Sasa tuongee mambo yetu. Unaweka akiba kwa shilingi lakini deni lako ni la dola, na hizo mbili hazitembei pamoja. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu KSh 160. Miezi michache baadaye ilikuwa imeshuka hadi karibu KSh 130. Chukua ile $5,076: kwa 130 ni KSh 659,880, kwa 160 ni KSh 812,160. Tofauti ni KSh 152,280, safari ni ileile, chumba ni kilekile. Anayeweka akiba ya kutosha tu, bila nafasi ya kupumua, anaweza kufika mwezi wa mwisho akapungukiwa na laki moja na nusu ambayo hakuitumia.

Huwezi kujua dola itaenda wapi. Unachoweza kufanya ni kutolipa yote siku moja. Kampuni nyingi za meli zinachukua malipo ya kwanza unapobuku, kisha zinakuruhusu kulipa kidogo kidogo hadi tarehe ya mwisho, ambayo mara nyingi ni kama siku 90 kabla ya safari. Ukilipa kila mwezi, baadhi ya malipo yatakutana na dola ghali na mengine na dola nafuu. Inasaidia pia kwa sababu pochi ya simu ina kikomo: huwezi kuweka zaidi ya KSh 500,000 kwa wakati mmoja, na safari ya mfano wetu imeshapita hapo.

Lakini soma aina ya malipo ya kwanza. Kuna yale yanayorudishwa ukighairi na kuna yasiyorudishwa, na haya ya pili ndiyo huja na bei tamu. Kama visa bado, chukua yanayorudishwa hata kama bei iko juu kidogo. Kisha andika tarehe ya mwisho ya kulipa kwenye kalenda ya simu, na uweke kengele wiki 2 kabla. Ikiwa siku hiyo inakaribia na visa haijatoka, ghairi. Inauma, lakini kabla ya tarehe hiyo unapata pesa yako. Baada yake makato yanapanda kadiri safari inavyokaribia, hadi kupoteza yote.

Ukilipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi yako, angalia mambo matatu. Tazama kiwango cha kubadilisha pesa kabla ya kuthibitisha. Tovuti ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua dola, maana kiwango chao cha shilingi mara nyingi ni kibaya. Na usiifunge kadi hiyo hadi safari iishe, kwa sababu pesa ikirudishwa itarudi kwenye kadi ileile iliyolipa.

Kama mnachangia wazee

Watoto wakiwa wanne, mmoja Seattle na watatu hapa, wazo la kwanza huwa kila mtu atume sehemu yake Marekani ili yule wa huko alipe. Inawezekana, na sisi tutafurahi kuwahudumia. Lakini kama yule wa Seattle tayari anatuma pesa nyumbani kila mwezi kwa ajili ya mama, kuna njia nafuu. Aache kutuma kwa miezi hiyo, alipe meli kwa dola zake, na nyinyi wa Kenya mchukue shopingi, dawa na mshahara wa mtu wa shamba kwa shilingi. Hakuna pesa inayovuka bahari, hakuna kubadilisha, hakuna ada. Ndiyo, hapo sisi hatupati kitu, lakini hesabu ni hesabu. Wekeni tu rekodi kwenye grupu, nani amelipa nini na lini, maana pesa ya familia isiyoandikwa huleta maneno.

Ukitumia wakala

Wakala mzuri ana faida, hasa kwa mara ya kwanza. Hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na uulize kama ni mwanachama wa KATA. Lipa kwa Paybill yenye jina la kampuni, na jina linalotokea kwenye simu lilingane na la risiti. Akikwambia "tuma kwa namba yangu, system iko chini," simama hapo. Ukituma kwa namba ya mtu, unaweza kuomba pesa irudishwe, lakini ikiwa ameshaitoa, hatuna pa kuikamata.

Baada ya malipo ya kwanza, dai namba ya buking. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli uiweke. Lazima uone majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti, chumba, na kiasi kilichopokelewa. Kama wakala amechukua laki mbili na meli imepokea laki moja, afadhali ujue leo.

Ukishapanda

Melini karibu kila kitu kinalipwa kwa kadi ya chumba, na mwishoni jumla inakatwa kwenye kadi ya benki mliyosajili. Kadi za mtandaoni na za kulipia kabla mara nyingi hazifai hapa. Kadi ya kawaida ya benki inafaa, ila ujue meli hushikilia kiasi fulani kwanza, na pesa hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa, kwa hivyo isiwe ndiyo akaunti ya kodi ya nyumba.

Zahanati ipo melini lakini bili yake ni ya dola na kadi ya SHA haitambuliki huko. Kwa wazee, bima ya safari inayolipia matibabu na kuhamishwa kwa dharura si ya kujadili. Soma kama inakubali magonjwa waliyo nayo tayari, kama presha na sukari, kwa sababu ndiyo yatakayowapeleka zahanati.

Jioni ya mwisho, mkiwa mnangoja Victoria, pitia dawati la huduma uombe orodha ya matumizi ya chumba chenu. Soda za watoto huwa nyingi kuliko walivyosema, na kosa lolote ni rahisi kurekebishwa mkiwa bado ndani kuliko mkisharudi Nairobi.