Machi Magoma: Jasho la Juma na Safari ya Jumapili

Mwezi Machi ukifika, bonde la mto Lwengera huwa kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Milima ya Usambara imelibana pande mbili, ile ya Magharibi huku na ile ya Mashariki kule, na upepo wa kaskazi uliovuma tangu Desemba umekwisha nguvu. Kila alasiri mawingu hukusanyika juu ya vilele, hunguruma kidogo, kisha hutawanyika bila kuangusha tone. Mkulima amekwisha safisha shamba na mbegu anazo. Anachongoja ni masika. Huo ndio mwisho wa kiangazi katika Magoma, wilayani Korogwe, mahali nilipozaliwa na kukulia, mtoto wa mkata mkonge.

Ndugu msomaji wa mjini, pengine mkonge umeuona kupitia dirisha la basi tu, mistari iliyonyooka ikikimbia nyuma yako. Mmea huo si wa asili ya kwetu. Mwaka 1893 vichipukizi 1,000 viliagizwa kutoka Florida, Marekani, na Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Vilivyofika pwani ya Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Kutoka katika hivyo 62 yalitokea mashamba yaliyofunika mkoa mzima, na kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha kiasi cha tani 230,000 za katani. Wafanyakazi waliletwa kutoka mikoa ya mbali kwa mkataba, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake kabla ya kujulikana kwa jina lake. Wengi hawakurudi kwao. Waliozaa Magoma wakazikwa Magoma.

KAZI YA VITITA

Baba aliondoka nyumbani nyota zingali angani. Mkata mkonge hukimbizana na jua; likishapanda, shamba halina kivuli hata cha kumfunika kuku. Kazi yenyewe ni kukata majani ya chini, kuondoa mwiba ulio nchani, kuyafunga majani 30 katika kitita kimoja, kisha kuvipanga vitita mstarini ili msimamizi ahesabu. Kitita kilicholegea kilikataliwa. Chenye majani mafupi kilikataliwa. Asiyetimiza idadi aliyopangiwa, siku yake haikuandikwa katika kipande, na siku isiyoandikwa haikuwa na mshahara.

Majani yakikatwa hayangoji. Hayana budi kufikishwa korona, yaani kwenye mashine ya kusaga majani na kutoa nyuzi, kabla hayajakauka. Na korona ni mnywaji mkubwa wa maji, kwa kuwa nyuzi hutolewa na kusafishwa kwa maji mengi yanayotiririka. Ndiyo sababu mwisho wa kiangazi ulikuwa wakati wa wasiwasi. Kijito kikipungua, korona husimama. Korona ikisimama, mkata mkonge hana kazi, ingawa panga lake ni kali na mikono yake ni mizima.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Machi 1978, katika shamba moja la bonde letu. Maji yalipungua, korona ikasimama siku ya Jumatano, na vitita ambavyo baba alikuwa amekata Jumatatu na Jumanne vikabaki shambani vikinyauka. Msimamizi alisema kwamba visivyosombwa havitahesabiwa. Baba alikuwa ametoa jasho la siku mbili, na kosa la kijito likaandikwa katika kipande chake.

Hasira hiyo ilimkuta nani? Haikumkuta msimamizi, maana kwa msimamizi mtu hushusha macho. Haikukikuta kijito. Ilitukuta sisi. Jioni ile baba aliuliza kwa nini mboga haina chumvi, na kabla mama hajajibu, sahani ilikuwa imekwisha ruka hadi uani. Mdogo wangu alijificha nyuma ya pipa la maji akakaa huko mpaka usiku. Siku tatu nyumba yetu ilinong'ona. Nimesikia mengi tangu hapo kuhusu wafanyakazi wa viwandani, wa bandarini na wa maofisini, na naona jambo ni lile lile: uonevu wa kazini huvuka mlango pamoja na mfanyakazi, ukaketi mezani pamoja na watoto.

BATI AU SAFARI?

Mama aliuza vitumbua njia panda, na senti zake alizifukia katika mkebe chini ya kitanda. Zilikuwa fedha za bati, kwani makuti yetu yalivuja. Ijumaa usiku aliufukua mkebe ule, akasema Jumapili twende Tanga tukaione bahari. Sisi watoto tulikuwa hatujaiona. Baba mwenyewe alikuwa hajaiona, ingawa alikata mkonge miaka kumi na minne katika mkoa wenye bahari.

"Mama watoto, umepata wazimu," baba alisema. "Masika yako mlangoni, nawe unataka kuzichezea fedha za bati?"

Mama hakupandisha sauti. "Baba watoto, bati litatukinga na mvua. Hasira yako hii, tutaikinga kwa nini?"

Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akatoka nje, na kesho yake alfajiri tukamkuta akipiga pasi shati lake la sikukuu.

Jumamosi tulipanda basi la Magoma mpaka Korogwe, tukalala kwa shangazi. Jumapili tulianza safari mapema. Tulipita Hale, ambako maji ya mto Pangani yalikuwa yakizalisha umeme tangu mwaka 1964, umeme ambao nyaya zake tuliziona na taa zake hatukuwa nazo. Tukapita Muheza, hewa ikaanza kubadilika, na baba akatuonyesha njia ya reli, ile iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902. Alituambia kwamba babu yetu aliletwa kwa reli hiyo. Hakuwahi kutuambia hivyo nyumbani, wala hatukujua kwamba anapenda kusimulia.

Pale Raskazone mama alicheka mawimbi yalipomlowesha kanga. Baba alivua viatu akaingia majini polepole, akakunja uso, kwa sababu chumvi iliingia katika mikwaruzo ya miiba. Tulikula mihogo ya kukaanga na samaki, tukiwa tumekaa mchangani kama watu wasio na deni.

Alasiri tulitembea kuelekea upande wa bandari. Kwa mbali matishari yalikuwa yamepakiwa marobota, yakingoja kupelekwa kwenye meli iliyotia nanga nje. Baba alimwuliza mzee mmoja aliyeketi ukingoni kuwa ni mzigo gani ule. "Katani," mzee alijibu. "Inakwenda Ulaya." Baba alisimama pale mpaka mama akamkumbusha basi.

Nilipokuwa mtu mzima niliipiga hesabu ambayo labda baba aliipiga siku ile kwa macho. Robota moja ni kilo 250. Katika kilo 100 za majani hupatikana kilo nne hivi za katani. Basi robota moja ni zaidi ya kilo 6,000 za majani, yote yakiwa yamekatwa kwa mkono, jani kwa jani, na mtu aliyeamka nyota zingali angani.

JUMATATU

Sitamdanganya msomaji kwamba baba alirudi akiwa malaika. Korona ilikuwa bado imesimama Jumatatu, na ukali wake haukuisha. Lakini juma lile hakuja nao nyumbani. Aliungana na wenzake watatu, wakaenda mbele ya kamati ya wafanyakazi na kueleza kwamba aliyekata amefanya kazi, hata kama kitita hakikusombwa. Sijui angethubutu kabla ya safari ile. Vitita vyao vilihesabiwa baadaye. Si vyote, ila vingi. Masika yakaanza mwishoni mwa mwezi, makuti yakavuja, nasi tukapanga masufuria chini ya matone huku tukisimuliana habari za bahari.

Mengi yamebadilika tangu siku hizo. Kamba za plastiki ziliupokonya mkonge soko lake, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi ulikuwa umeporomoka hadi kama tani 20,000 kwa mwaka. Watoto wengi wa Magoma tumetawanyika mijini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Treni ya abiria, iliyokuwa imetoweka kwa miaka mingi, ilirejea kati ya Dar es Salaam na Moshi mwaka 2019, nayo hupita Korogwe.

Hata hivyo, ni wangapi kati yetu wanaoitumia Jumapili kwa watoto wao? Wengine huilala yote. Wengine huimalizia kilabuni. Wengine husema hawana fedha, na ni kweli. Lakini si lazima iwe Tanga. Yatosha kupanda daladala mpaka ufukweni, kwenda kumsalimu bibi kijijini, au kuwaonyesha watoto mahali unapofanyia kazi, ili wajue kinachokuchosha ni nini. Mtoto anayeijua kazi ya baba yake huelewa ukimya wake wa jioni. Asiyeijua hudhani amechukiwa.

Bati lilinunuliwa mwaka uliofuata, na kutu imekwisha kulila zamani. Baba ni mzee sasa, mikono yake bado ina makovu ya miiba. Kila Machi, joto likizidi na mawingu yakidanganya juu ya Usambara, huwauliza wajukuu wake kama wamekwisha kusimuliwa habari ya siku aliyoiona bahari. Wamesimuliwa mara nyingi. Nao hujibu kwamba bado, ili aanze upya.