Moshi wa Alfajiri: Jinsi Mfupa wa Ng'ombe Unavyosailiwa Kabla ya Kutiwa Kinywani

Barua iliyonifikia juma lililopita kutoka kwa msomaji mmoja wa Munuki, hapa hapa Juba, ilikuwa fupi, bali swali lililokuwamo si dogo. Bwana huyu aling'olewa meno ya mbele ya chini utotoni, kwa desturi ya wazee wake wa Kidinka, na sasa, akiwa mtu mzima mwenye uwezo wake, ataka kuyarudisha. Lakini tabibu wa meno amemwambia kwamba taya lake limekonda mno, haliwezi kushika skurubu ya jino la kupandwa, na kwamba hapana budi litiwe kwanza chenga za mfupa wa ng'ombe. "Nimelelewa zizini," aandika, "na maziwa ya ng'ombe ndiyo yaliyonikuza; lakini huyu ng'ombe nisiyemjua, mfupa wake ukae ndani ya mfupa wangu, nitajuaje kama hauna madhara?"

Hayuko peke yake katika kadhia hii. Wadinka na Wanuer waliokimbilia Nebraska, Marekani, waliyapeleka mataya yao kwa matabibu wa huko, hata mwaka 2005 mwanaanthropolojia Mary Willis na wenzake wakaandika habari zao katika jarida la udaktari wa meno. Sababu ya taya kukonda ni hii: jino ling'okapo, ukingo wa mfupa uliokuwa ukilishika hukosa kazi, na mfupa usio na kazi huliwa na mwili wenyewe: takriban nusu ya upana wake hutoweka katika mwaka wa kwanza.

Kabla sijaendelea, niruhusiwe kugombana kidogo na istilahi. Chenga hizi za mfupa wengi wetu twaziita pandikizi, nami sikiri kwamba jina limekaa sawa. Kupandikiza ni kuung'oa mche kitaluni na kuuweka shambani, na mche ni kitu hai, kina mizizi na utomvu. Fauka ya hayo, Mswahili asikiapo "pandikizi" humwona mbele yake pandikizi la mtu, jitu la miraba minne, ilhali tunasema habari za chenga ndogo kama za mchele. Mfupa huu umekufa, wala hautazamiwi kufufuka. Kazi yake ni kusimama tu, ili chembe hai za mwenye taya zipate pa kukwea na kujenga mfupa wao. Kwa hiyo mimi nitauita kiunzi, neno la waunda vyombo, na msomaji aniwie radhi.

Kiunzi hiki hutengenezwaje? Karibu theluthi mbili za uzito wa mfupa ni madini ya chokaa na fosfeti, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini, na ni hiyo protini itakiwayo kuondolewa. Nilinunua kipande cha ubavu soko la Konyo Konyo nikakitia katika jiko la mkaa: kwanza kilinuka kama nywele zilizoungua, kisha kikawa cheusi kama lami, kisha pembeni kikaanza kuwa cheupe, na kilipopoa, ile sehemu nyeupe ilikuwa nyepesi, na nilipoigusisha ulimi ilinata, kwa sababu imejaa vitundu vinavyonyonya mate. Watengenezaji hutumia moto wa kupimwa, na wengine huongeza dawa kali mfano wa kostiki soda. Hofu kubwa hapa ni prioni, ile protini iliyojikunja vibaya iletayo kichaa cha ng'ombe, maradhi yaliyotambuliwa Uingereza mwaka 1986 na ambayo mwaka 1996 ilidhihirika kuwa yamewaingia bin Adamu. Katika tajriba iliyotangazwa mwaka 2000, ubongo wa hamsta wenye maradhi ya jinsi hiyo ulichomwa kwa nyuzi 600 hata ukawa jivu, na jivu lile bado likaambukiza. Kwa nyuzi 1000 halikuambukiza tena. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zataka pia ijulikane ng'ombe ametoka nchi gani na kundi gani.

Lakini tuseme maradhi yameondoka. Je, kile kilichoyaondoa nacho kimeondoka, au kuna mabaki ya dawa yaliyojificha vitunduni, yakingoja kuchuruzika ndani ya nyama ya mtu? Hapa ndipo ilipo tajriba inayonipendeza kupita zote. Chenga huchovywa katika maji ya virutubisho, kadiri ya gramu 0.2 kwa kila mililita, kwa joto la mwili, nyuzi 37, muda wa saa 24, mfano wa chai iliyoachwa ikolee. Chai hiyo hunyweshwa chembe hai, aghalabu za ukoo uitwao L929, uliotokana na panya mmoja wa maabara na ambao umekuwa ukizaliana katika vyombo vya kioo tangu miaka ya 1940. Chembe zipatazo 10,000 katika kila kisima cha bamba lenye visima 96. Siku ya pili yake huulizwa: mngali hai?

Nazo huulizwaje, hali hazina kinywa? Msomaji na asimame pamoja nami juu ya Jebel Kujur alfajiri, auelekeze uso mashariki ulipo mji. Hawezi kuona mtu hata mmoja, wala kusikia kikohozi. Ila aona moshi ukipanda, hapa mmoja, pale mwingine, kwa kuwa kila nyumba iliyoamka salama imewasha jiko la chai. Lau usiku ule mtu angetia sumu katika kisima cha mtaa mmoja, mtazamaji wa mlimani asingehitaji kubisha hodi mlango kwa mlango. Angehesabu mioshi tu, akalinganisha na mtaa wa pili ulioteka maji safi. Chembe hai nayo ina majiko yake, mitokondria, na iwapo yanawaka, chembe ikipewa rangi ya manjano iitwayo MTT huigeuza kuwa fuwele za zambarau. Iliyokufa haina moto, huiacha ya manjano vile vile. Baada ya saa mbili fuwele huyeyushwa, na mwanga wa nanomita 570 hupitishwa kisimani kupima ukali wa zambarau. Njia hii aliitoa Tim Mosmann mwaka 1983, na ulatifu wake haujapungua kwangu kila niionapo: weupe wa mfupa wahukumiwa kwa zambarau. Rangi ikishuka chini ya asilimia 70 ya ile ya kisima kisichotiwa kitu, kiunzi hicho kimeshitakiwa.

Baada ya hapo hufuata majaribio ndani ya wanyama, kisha kwa watu, na huchukua muda mrefu zaidi.

Basi, ndugu yangu wa Munuki, usimwulize tabibu wako kama mfupa ni msafi, kwani atakujibu ndiyo. Mwombe akuonyeshe kopo lenyewe kabla halijafunguliwa, usome jina la mnyama, maana viko viunzi vya nguruwe pia, na nchi alikotoka, na namba ya fungu, na tarehe ya mwisho wa kutumika. Kopo lisilo na maandishi hayo lirudishwe lilikotoka.