Nani akae wapi ndani ya chombo?

Ndugu msikilizaji, barua iliyotufikia wiki hii imetoka Nyansurura, mkoani Mara. Aliyeiandika ni mzazi, mkulima na mfugaji, ambaye kijana wake amemaliza mafunzo ya umeme wa magari na sasa yuko nyumbani akingoja kazi. Kijana ana kompyuta ndogo ya mtumba. Usiku kucha, asema mzee, anahamisha viti na swichi ndani ya chombo cha angani ambacho hakipo. Swali lake ni moja tu: aiuze kompyuta hiyo anunue ndama, au aiache? Kwa watu wa huko ndama si jambo la mzaha, nami siwezi kumjibu kabla ya kueleza kijana anafanya nini hasa.

Mchezo wenyewe unaitwa Kerbal Space Program. Ulitolewa mara ya kwanza mwezi Juni 2011, na toleo lililohesabiwa kuwa kamili likatoka Aprili 2015. Walioutengeneza ni Squad wa nchini Mexico, kampuni ambayo, msishangae, kazi yake ilikuwa matangazo ya biashara. Mchezaji anaunda roketi kipande kwa kipande, anapakia ndani yake vijitu vya kijani vyenye macho makubwa, kisha anairusha. Vijitu vinachekesha, lakini hesabu haichekeshi. Ukikosea mafuta, hawarudi.

Kituo cha kurushia roketi katika mchezo huo kipo karibu kabisa na Ikweta. Sababu ni ile ile iliyowafaa Wataliano walipoweka jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi, nchini Kenya: kwenye Ikweta, mzunguko wa dunia unaipa roketi inayoelekea mashariki mwendo wa bure wa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Setilaiti iliyorushwa pale Desemba 12, 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Nyansurura iko karibu zaidi na Ikweta kuliko Malindi. Kwa hesabu hiyo mzee wetu amekaa mahali pazuri, ila bahari ya kuangushia mabaki ndiyo haipo.

Sasa tuje kwenye viti. Kampuni ilipouza mchezo huu haikuufunga kwa kufuli. Karibu kila kifaa kimeelezwa katika faili la maandishi ya kawaida, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua na kulisoma. Chumba cha rubani nacho kina faili lake. Ndani yake utakuta orodha: saa ya kupimia mwinuko, jina lake ni hili, mahali pake ni hapa, dira, jina lake ni hili, mahali pake ni hapa. Mahali panatajwa kwa tarakimu tatu: kulia au kushoto, juu au chini, mbele au nyuma. Badili tarakimu moja, hifadhi faili, fungua mchezo upya, na saa imehama. Viti vimeandikwa hivyo hivyo, kila kimoja na sehemu yake na kamera yake ndogo ya kuonyesha uso wa aliyekikalia. Idadi ya watu ambao chombo kinaweza kubeba imeandikwa kwingine, katika faili la chombo chenyewe, kwa hiyo anayeongeza watu bila kwenda kuongeza viti ameongeza kwenye karatasi tu.

Mabadiliko ya namna hii, yakifungwa pamoja ili wengine nao wayatumie, huitwa modi. Yapo makubwa kuliko kuhamisha saa. Modi moja mashuhuri, RasterPropMonitor, iliyotengenezwa na mchezaji na si kampuni, iliweka ndani ya chumba skrini zenye vitufe vinavyofanya kazi, hata mtu akaweza kurusha chombo akiwa amekaa ndani ya kiti cha rubani bila kukitazama kutoka nje. Na anayetaka chumba kipya kabisa hukichora kwa programu ya Blender, ambayo haiuzwi. Mtu anaichukua bure.

Mzee atauliza, haya, na saa ikihama ndipo iweje? Hapo ndipo pana jambo. Chukua chombo cha Soyuz cha Warusi, ambacho kimebeba watu tangu mwaka 1967. Kamanda hukaa katikati, mhandisi kushoto kwake. Wamelala chali, magoti yamekunjwa, wamefungwa mikanda, na ubao wa vitufe uko mbali kiasi kwamba mkono wa kamanda haufiki. Anabonyeza kwa kijiti. Naam, kijiti! Wengine wangeona aibu, Warusi wameona kinafaa. Yuri Gagarin, aliyekwenda angani Aprili 12, 1961, alikuta usukani wake umefungwa, maana wakubwa hawakujua akili ya binadamu itakuwaje huko juu. Ili aufungue ilimpasa abonyeze namba tatu, 1, 2 na 5, zilizotiwa ndani ya bahasha. Kabla hajaondoka wenzake walikwisha kumnong'oneza.

Mafunzo mengine yalilipiwa kwa ndege na kwa roho za watu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Kimarekani aina ya B-17 zilikuwa zikitua salama, kisha rubani, akiwa bado anakwenda kwenye lami, anakunja magurudumu badala ya kukunja vibao vya mabawa. Ndege inalala kifudifudi. Ilisemwa kuwa ni uzembe. Mtaalamu wa saikolojia Alphonse Chapanis alipotazama aliona swichi mbili zinazofanana, zimekaa bega kwa bega. Akabandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye ile ya magurudumu, na kabari kwenye ile ya mabawa, ili vidole vijue kabla ya macho. Tatizo likaisha. Marubani walikuwa wale wale.

Ya karibu zaidi ni ya Oktoba 31, 2014, huko California. Chombo SpaceShipTwo kilikuwa na mkia unaoinuka wakati wa kurudi, na wenzo wa kuufungulia ulikuwa mikononi mwa rubani msaidizi. Siku hiyo aliuvuta mapema, kabla ya kufikia mwendo uliopangwa. Nguvu ya hewa ikaunyanyua mkia yenyewe, chombo kikavunjika vipande. Msaidizi alifariki, rubani akaokoka kwa mwavuli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani, katika taarifa yao ya mwaka 2015, hawakuishia kwa marehemu. Walisema waliounda chombo hawakufikiria kwamba kosa moja la mtu mmoja linaweza kukiangusha. Baadaye kikawekwa kizuizi cha kuuzuia wenzo huo usifunguke mapema.

Tukirudi huku chini, wasikilizaji wengi wanaijua habari hii bila kuiita kwa jina. Dereva aliyezoea gari la Kijapani anajua wenzo wa taa za kona uko kulia kwake. Mpe gari lililotoka Ulaya. Akifika kwenye kona ya kwanza anawasha waipa kwenye jua kali, na aliye nyuma hajui kama anakata au haendi popote. Vijana wengi wa kwetu hucheza kwenye simu ule mchezo wa mabasi wa Indonesia uliotoka mwaka 2017, wakiyapaka mabasi yake rangi za mabasi ya Tanzania. Indonesia nao wanapita kushoto, kwa hiyo usukani uko tulikouzoea na konda anabaki na mlango wake. Lakini chukua lori la mchezo wa Kizungu, ambalo usukani wake uko kushoto, uligeuze kama linavyoonekana kwenye kioo. Usukani utakuja kulia, vizuri. Maandishi ya saa yatasomeka kinyumenyume, hilo utaliona mara moja. Lakini pedali nazo zitakuwa zimegeuka, mafuta kushoto na klachi kulia, na hakuna gari la namna hiyo: pedali ya mafuta iko kulia Dar es Salaam na iko kulia Paris. Kijana anayeligundua hilo peke yake saa nane za usiku amejifunza kitu.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ni kwamba usiiuze, walau kwa msimu huu. Sisemi mchezo utampa ajira. Hauna cheti, na hakuna mwenye gereji atakayemwajiri kwa kuwa amepanga viti vizuri angani. Lakini anayetengeneza umeme wa magari kazi yake ni swichi, waya na mkono wa dereva, na huyu anafanya mazoezi yake bila kuunguza fyuzi ya mtu. Mwite mchana, mwambie akae mbele yako aeleze kila kifaa alichokihamisha na sababu ya kukihamisha. Akijibu kwamba kimependeza tu, basi zungumza naye habari za ndama.

Na wewe kijana, nakili folda nzima ya mchezo mahali pengine kabla ya kugusa faili lolote, maana nukta moja iliyopotea inatosha kukuletea chumba kisicho na kitu. Modi uliyoichukua kwa mwingine ina masharti yake, mara nyingi katika faili dogo lililomo humo humo. Yasome kabla ya kuisambaza, na jina la aliyeitengeneza usilifute. Ukimaliza kupanga, usijaribu kutoka kiti cha rubani peke yake. Kaa katika kila kiti, kimoja baada ya kingine, uangalie kama aliyekaa pale anaona kile anachotakiwa kukiona.