Umeacha Kazi kwa Kuonewa, na Sasa Unajuta

Kijarida hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili na kuishi Uingereza. Kinamhusu mtu aliyeacha kazi kwa sababu meneja wake alimdhalilisha, kisha baada ya siku au majuma machache akaanza kujilaumu: laiti ningalivumilia.

Tuchukue mfano wa mama anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa miezi kadhaa meneja amekuwa akimkemea mbele ya wenzake, akiiga lafudhi yake, na kumbadilishia zamu usiku wa kuamkia kazi. Siku moja anaweka funguo mezani na kuondoka. Usiku ule analala vizuri, jambo ambalo hakulipata kwa muda mrefu. Kufikia juma la tatu kodi ya nyumba inadaiwa, fedha za wazazi hazijatumwa, na usingizi umepotea tena. Anayapima upya yale aliyotendewa, na sasa anayaona madogo.

Mabadiliko hayo ya hisia ni ya kawaida. Mtu akiwa ndani ya maonevu, dhiki anayoiona ni meneja. Akishatoka, dhiki iliyo mbele yake ni kodi. Majuto hayathibitishi kwamba ulikosea kuondoka. Kwa hiyo, kabla kumbukumbu haijafifia, andika yaliyotokea: tarehe, maneno yaliyosemwa, na watu waliokuwapo. Andika kwa Kiswahili ikiwa ndicho kinachokutoka kwa wepesi. Hifadhi ujumbe wa simu, ratiba za zamu na hati za mshahara. Maandishi hayo yatakufaa mbele ya mshauri, na yatakufaa pia usiku unapoanza kujiambia kwamba uliyakuza mambo.

Yapo mambo ambayo bado yanawezekana

Ikiwa ulitamka "naacha kazi" kwa hasira, na ni jana au juzi tu, mwandikie mwajiri leo hii kwamba maneno yale yalikutoka kwa ghadhabu na kwamba unayaondoa. Kwa kawaida mwajiri halazimiki kukubali mtu arudi baada ya kutoa notisi. Hata hivyo, mahakama za kazi huangalia pia hali ambayo maneno yalitamkwa, na kila siku inayopita hudhoofisha hoja yako. Lakini jiulize kwanza: je, ni kazi unayoitaka, au ni mshahara? Kumrudia meneja yuleyule bila jambo lolote kubadilika si suluhisho.

Ikiwa hutaki kurudi, bado unaweza kudai haki. Ukali wa meneja peke yake si kosa la kisheria nchini Uingereza. Ila akikudhalilisha kwa sababu ya rangi, asili, dini, jinsia, ulemavu au umri, hilo limekatazwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, nawe unaweza kudai hata kama ulifanya kazi kwa mwezi 1 tu. Yupo pia mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri alivunja mkataba vibaya mno kiasi cha kumlazimisha kuondoka. Huyu kwa kawaida hutakiwa awe amefanya kazi pale kwa miaka 2. Muda wa kuanza madai umekuwa miezi 3 kasoro siku 1, na hatua ya kwanza ni kuwaarifu Acas, shirika la umma linalopatanisha wafanyakazi na waajiri. Sheria hizi zimo katika kubadilishwa, hivyo waulize Acas tarehe yako mapema. Usisubiri mwajiri ajibu barua ya malalamiko, kwa maana kusubiri huko hakusimamishi hesabu ya siku.

Malipo ya siku za likizo ambazo hukuzitumia ni haki yako, hata kama mliachana kwa ubaya.

Ukiomba Universal Credit, utaulizwa kwa nini uliacha kazi. Usijibu "sikuipenda" kwa kuona haya. Eleza maonevu waziwazi na uonyeshe maandishi yako, kwa sababu mtu anayeonekana kuacha kazi bila sababu ya msingi anaweza kupunguziwa msaada kwa muda wa hadi siku 91 ikiwa ni mara ya kwanza. Ukikataliwa, una mwezi 1 wa kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Ikiwa viza yako imefungamana na mwajiri, shughulikia hilo kabla ya mengine yote. Mwajiri atawaarifu Home Office kwamba umeondoka. Kwa kawaida utaandikiwa barua ya kupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini, na mume, mke au watoto waliokuja kwa kukutegemea huguswa pia. Fungua kila barua na kila baruapepe. Usiombe Universal Credit kabla ya kushauriwa, kwa maana viza nyingi za aina hii zinakataza misaada hiyo. Ushauri wa uhamiaji uupate kwa mtu aliyeidhinishwa kisheria, si kwa kila ajuaye kujaza fomu.

Kumweleza daktari

Ikiwa kwa majuma 2 au zaidi hulali, huli, moyo unakwenda mbio, au huoni sababu ya kuamka, mwone daktari wako wa GP. Hapa pana mtego wa lugha. Sisi tukisema "nina mawazo", mwenzetu huelewa kwamba mtu amezidiwa. Likifasiriwa neno kwa neno, daktari husikia tu kwamba mtu huyu anafikiri. "Moyo mzito" nao unaweza kukupeleka kwenye kipimo cha moyo. Sema yanayotokea: nalala saa 3 kwa usiku, nalia bila sababu, nimepungua mwili, nimewaza kufa. Omba mkalimani unapoweka miadi, ni bure. Usimtumie mtoto wako kufasiri mambo haya. Unaweza pia kujiandikisha mwenyewe kwa NHS Talking Therapies bila kupitia kwa daktari.

Kwa mnaoishi naye

Katika nyumba nyingi, neno la kwanza analolisikia mtu huyu ni "majuto ni mjukuu". Methali hiyo humfaa ambaye bado hajatenda. Aliyekwisha kutenda huongezewa mzigo tu, na huenda akaacha kusema kabisa. Mwulize yaliyomkuta, msikilize hadi mwisho, kisha keti naye mpige hesabu ya mwezi huu: kipi kilipwe, kipi kisubiri. Ndugu walioko nyumbani Afrika waambiwe ukweli mapema, kwamba mwezi huu fedha hazitafika au zitapungua. Mikopo mingi inayokuja kuziangamiza familia huanza kwa kuwaficha hao.

Simu za msaada

Acas: 0300 123 1100. Citizens Advice: 0800 144 8848. Msaada wa dharura wa afya ya akili: piga NHS 111, kisha uchague namba 2. Samaritans, bure, mchana na usiku: 116 123. Maisha yakiwa hatarini sasa hivi, piga 999.